Nyumba ya Nyantende ni ya daraja gani?

Kati ya nusu dola na senti thelathini panaweza kukaa ugomvi wa miaka. Katika jedwali la kitaifa la kodi ya ardhi na majengo la Kongo, hiyo ndiyo tofauti, kwa kila mita ya mraba, baina ya vila iliyo katika eneo la daraja la tatu na vila iliyo katika eneo la daraja la nne. Nyumba yenyewe inaweza kuwa ileile: matofali yaleyale, manjanja yaleyale juu ya paa, choo kilekile nyuma ya jiko. Kinachobadilika ni namba ambayo Leta, yaani serikali, imeiandika mbele ya jina la mahali.

Nyantende ni mahali ambapo namba hiyo haikai kwa urahisi. Ukitoka katikati ya Bukavu kuelekea kusini, ukaipita Panzi, mji haukatiki kwa ghafla. Unapungua polepole. Nyumba zinaachana, migomba inaingia katikati yake, kisha mihogo, kisha nyumba nyingine mpya ya matofali ya kuchoma inachomoza mahali ambapo mwaka wa nyuma palikuwa shamba la mtu. Pana parokia ya Wakatoliki inayojulikana katika Bushi, nchi ya Washi, nzima, na jina la Nyantende limepewa eneo zima la afya lenye hospitali yake kuu. Anayefanya kazi Ibanda, komini ya Bukavu, anaweza kulala huku, na anayelala huku anaweza asijione mtu wa mji kabisa. Basi mwandika kodi akifika, amwandike mtu huyu wapi?

Swali hili lingekuwa dogo kama kodi yenyewe ingetazama bei ya nyumba. Haitazami. Msingi wa kodi hii, ile ambayo watu wa Bukavu huiita fonsie, ni amri-sheria namba 69-006 ya 10 Februari 1969. Katika sheria hiyo hakuna mthamini anayepita kukadiria nyumba ingeuzwa kiasi gani. Yako mambo matatu tu yenye uzito. La kwanza ni eneo liko daraja gani, kwani maeneo yote ya nchi yamepangwa katika madaraja manne. La pili ni aina ya jengo, yaani ni vila au ni jengo la namna nyingine. La tatu ni ukubwa. Vila hulipiwa kwa mita ya mraba iliyojengwa. Majengo mengine hulipiwa kiasi maalumu kwa kila ghorofa, na kiwanja kisichojengwa kina kiasi chake. Hesabu hufanywa kwa faranga ya kikodi, ambayo ni thamani ya dola moja ya Marekani iliyogeuzwa kuwa faranga za Kongo siku ya kulipa.

Tuipige hesabu kwa nyumba ya kubuni, ya mita 120 za mraba, ambayo kila mtu amekubali kuiita vila. Jedwali la kitaifa linasema 1.50 kwa mita katika daraja la kwanza, 1.00 katika la pili, 0.50 katika la tatu, 0.30 katika la nne. Nyumba hiyo ikiwa daraja la nne itadaiwa thamani ya dola 36 kwa mwaka. Ikipandishwa hadi la tatu ni dola 60. Ikihesabiwa kama nyumba ya daraja la pili ni 120, na katika la kwanza ni 180. Mkoa una uwezo wa kuweka viwango vyake, kwa hiyo msomaji asizichukue tarakimu hizi kama noti yake ya kodi ya mwaka huu. Azichukue kama mizani ya kuonyesha nguvu ya daraja: hatua moja ya juu kutoka la tatu inazidisha deni mara mbili, na hakuna fundi aliyepanda paa.

Kwa mwenye nyumba ya Muhumba au Nguba, kando ya Ziwa Kivu, dola 24 za tofauti kati ya daraja la nne na la tatu hazimnyimi usingizi. Kwa mwalimu aliyejenga Nyantende kwa kuchoma matofali mwenyewe, tanuri baada ya tanuri, ni karo ya mtoto.

Sasa tuangalie ni nani mwenye haki ya kudai. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 204, iliitoa kodi ya ardhi na majengo mikononi mwa Kinshasa na kuiweka katika mamlaka ya mikoa, pamoja na kodi ya mapato ya upangaji na kodi ya magari. Huku Kivu ya Kusini, ofisi ya mkoa iliyopewa kazi ya kukusanya mapato ni ile watu wanayoijua kwa herufi zake, DPMER. Kwa maneno mengine, fonsie ni kodi ya mkoa. Komini ina tozo zake, sheferi ya mwami ina zake, soko lina zake. Sheria ya 2008 kuhusu maeneo ya utawala iliutambua mji, komini, sekta na sheferi kuwa maeneo yenye utu wa kisheria na mfuko wake. Kundi la vijiji na kijiji havimo. Kwa hiyo mtu akibisha mlango kudai kodi ya nyumba kwa jina la kijiji, swali la kwanza halihusu kiasi.

Nyantende inaonja ugumu huu kuliko Ibanda kwa sababu ya ardhi yenyewe. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema, katika kifungu cha 53, kwamba ardhi yote ni mali ya Leta, isiyouzwa. Ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji nazo zikaingizwa katika mali hiyo, na kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za watu juu yake zingepangwa kwa amri ya rais. Miongo ikapita, amri haikuja. Bushi ikaendelea na desturi yake: kalinzi, zawadi iliyokuwa ng'ombe, ambayo mtu humpa mwenye ardhi ili apewe haki ya kukaa, kulima na kuwarithisha watoto. Leo ng'ombe mara nyingi amekuwa pesa, na kalinzi imekuwa karatasi yenye saini za mashahidi. Wengi waliojenga katika ukanda huu wanashika karatasi ya aina hiyo. Wachache wana cheti cha usajili.

Wapo wanaodhani kwamba bila cheti hakuna kodi. Sheria ya 1969 haikuwaachia mlango huo, kwani inamtaja mwenye kumiliki, inamtaja pia mwenye kushika tu na mwenye kutumia. Unaweza usitambuliwe kama mwenye ardhi na bado ukatambuliwa kama mlipaji. Hapa ndipo wakazi wa pembezoni wanapoona dhuluma, nami sioni namna ya kuwabishia: Leta iliyoshindwa kuandika haki ya mtu kwa nusu karne inapata kalamu ya kuandika deni lake kwa asubuhi moja. Kuna hatari nyingine kinyume chake. Watu hutunza risiti za kodi wakiamini zitawatetea siku ya kesi ya kiwanja. Risiti inaonyesha kwamba ulilipa, na labda kwamba ulikuwapo mwaka fulani. Haigeuki kuwa hati.

Turudi kwenye daraja, kwa sababu hapa ndipo pana kosa linalofanyika kila mahali, mjini na pembezoni, na linafanywa na pande zote mbili kwa nia njema na mbaya. Wakala anafika na karatasi inayosema daraja la tatu. Mama mwenye nyumba anasema, "Papa, huku ni kijijini, angalia hata barabara." Wakala anaangalia barabara. Anaangalia pia ukuta, antena, pikipiki iliyoegeshwa. Wanazungumza. Mwishoni anasema basi, tuandike la nne, lakini unielewe nami. Mama anamwelewa. Kila mmoja anaondoka akiona amepona.

Hakuna aliyepona. Daraja la eneo huwekwa kwa arete, yaani amri ya kiserikali, kwa eneo zima, na mamlaka yenye haki ya kusaini arete. Wakala wa barabarani hana uwezo wa kulishusha, kama asivyo na uwezo wa kulipandisha. Anayelishusha mlangoni anauza kitu kisicho chake, na aliyenunua hana kitu cha kumwonyesha wakala wa mwaka ujao. Mbaya zaidi, ule ubishi wa haki uliokuwa mdomoni mwa mama, kwamba eneo hili limeandikwa vibaya, umemezwa na mapatano. Ofisini inaonekana kwamba Nyantende hakuna mtu aliyelalamika.

Yapo mambo ambayo wakala anaweza kuyarekebisha, au mkubwa wake ofisini, na hayo ni ya nyumba moja moja. Vipimo, kwa mfano. Nani alishika futi? Wakati mwingine hakuna aliyeishika. Mita 120 zilitoka kwa jicho la mtu aliyesimama getini. Mwenye nyumba ana haki ya kupima na kuandika urefu na upana wa kila jengo kwenye mchoro wa mkono. Kuna pia lile neno vila. Sheria inalipa maana yake, na si kila nyumba yenye vigae sebuleni inaingia humo. Kuipeleka nyumba kutoka orodha moja kwenda nyingine kunaweza kubadili deni kuliko hata daraja la eneo, na bado ni jambo ambalo watu hawaliulizi kwa sababu kuitwa mwenye vila kunawapendeza kidogo. (Tusijifanye. Kunapendeza.)

Halafu kuna misamaha, na ningependa kukaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wanyonge wanapopoteza zaidi. Sheria ya 1969 inaondoa kodi kwa majengo na ardhi zinazotumiwa na mwenyewe kwa kilimo au ufugaji peke yake. Fikiria maana yake katika mahali kama Nyantende, ambapo kiwanja kimoja kina nyumba mbele, zizi pembeni na mihogo hadi kwenye mfereji wa jirani. Anayepima kiwanja chote kama makazi amekosea. Sheria hiyohiyo inawasamehe wenye nyumba waliopita umri wa miaka 55 na wajane, kwa nyumba wanayokaa wenyewe kama makazi yao makuu, kwa masharti ya nani mwingine anakaa humo na kwa sharti la kutoa tamko. Mjane aliyepangisha vyumba viwili vya mbele kwa wanafunzi amejitoa katika msamaha huo, au angalau amejiingiza kwenye maelezo. Lakini mjane anayekaa na watoto wake tu hakupaswa kuwa katika mazungumzo ya daraja la tatu au la nne. Daraja lake lilikuwa sifuri, ila hakuna aliyemwambia, na msamaha huu hauji wenyewe. Unaombwa.

Tarehe ya kukumbuka ni 1 Februari. Hali ya nyumba hutazamwa ilivyokuwa tarehe 1 Januari, na tamko hutakiwa kabla ya siku hiyo ya Februari. Katika kipindi hichohicho hufika tamko la kodi ya mapato ya upangaji, na hapo watu huchanganyikiwa, wakati mwingine kwa kuchanganywa. Ile ni kodi nyingine kabisa. Kwa sheria ya kitaifa ni asilimia 22 ya pango, na mpangaji ambaye sheria inamtaka akate huzuia asilimia 20 na kuipeleka. Fonsie hutazama jengo hata likiwa tupu. Hii nyingine hutazama pesa inayoingia. Ukiambiwa "kodi ya nyumba" bila neno jingine, uliza ni ipi kati ya mbili kabla ya kuanza kubishana juu ya daraja, maana kodi ya upangaji haina habari na mita zako.

Kongo ina mji mmoja ambao maswali haya yamepimwa kwa makini kuliko karibu popote Afrika, nao ni Kananga, mji mkuu wa Kasai ya Kati. Mwaka 2016 mkoa huo ulipeleka wakusanyaji nyumba kwa nyumba katika mitaa iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na mtafiti Jonathan Weigel akafuata matokeo. Katika mitaa isiyofikiwa, waliolipa walikuwa asilimia 0.1. Katika mitaa iliyofikiwa walikuwa kama asilimia 11.6. Jambo la ajabu lilikuja baadaye: watu wa mitaa iliyotozwa walijitokeza zaidi kwenye mikutano na serikali ya mkoa na kupeleka maoni yao juu ya utendaji wake. Walioguswa na kodi walianza kudai.

Mwaka 2018 kampeni nyingine ikaja, safari hii ikigusa wamiliki 38,028. Kananga haikutumia mita wala ramani ya madaraja kwa nyumba za kawaida. Ilitumia ukuta. Nyumba ya udongo na vifaa visivyodumu iliwekwa kundi la chini, faranga 3,000 kwa mwaka. Nyumba ya vifaa vya kudumu kundi la juu, faranga 13,200. Weigel na wenzake Augustin Bergeron na Gabriel Tourek wakafanya jambo ambalo mhasibu wa mkoa angeliona kichaa: kwa bahati nasibu, baadhi ya wamiliki wakapunguziwa kodi kwa asilimia 17, wengine 33, wengine nusu. Waliopunguziwa walilipa kwa wingi zaidi, kiasi kwamba hesabu ya watafiti ilionyesha mkoa ungepata pesa nyingi zaidi kama ungeshusha kiwango kwa karibu theluthi moja. Katika utafiti mwingine wa kampeni hiyohiyo, walilinganisha wakala wa serikali na machifu wa mitaa. Machifu waliongeza mapato kwa asilimia 44, hasa kwa sababu walijua nani ana uwezo na nani hana, wakaanza kwa mwenye uwezo.

Nayasoma matokeo hayo nikiwa na Nyantende akilini. Daraja lililo juu mno halimtajirishi mtoza. Linamfundisha mlipaji kujificha, au kuelewana mlangoni. Na ujuzi wa nani anakaa wapi, nani ni mjane, nani anapangisha, uko kwa chifu na kwa majirani, hauko kwenye jedwali la madaraja manne. Hilo la machifu lina makali yake pia. Bushi si Kananga. Huku chifu ndiye aliyepokea kalinzi, na kumpa pia daftari la kodi ni kumrundikia mtu mmoja mamlaka mengi. Nisingependa yeye apange madaraja. Ningependa aulizwe.

Sehemu nyingine za dunia zimeuliza swali hili kwa namna zake. Uingereza hupanga nyumba kwa herufi, A hadi H, kwa kadirio la bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Ndiyo, 1991. Wales peke yake ilirudia uthamini, kwa bei za 2003, na kuongeza herufi ya tisa. Nyumba iliyojengwa juzi hukadiriwa kana kwamba ilikuwapo wakati ule. Matokeo yake, watu wengi waligundua kwamba nyumba pacha ya jirani iko herufi ya chini, na kupinga daraja kukawa shughuli ya kawaida ya raia: unakusanya mifano ya nyumba zinazofanana mtaani, unaandika kwa wakala wa uthamini, unasubiri. Onyo linalotolewa huko linafaa kusikika huku. Ukiomba nyumba yako itazamwe upya, inaweza kupandishwa, na ya jirani yako pamoja nayo.

Tanzania ilichukua njia ya kukata ugomvi kwenye mzizi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, viwango vilivyopandishwa 2023 hadi 1,500 na 7,500. Hakuna daraja la kupinga, hakuna wa kuelewana naye getini. Lakini mita ya umeme humjua anayenunua tokeni, na mara nyingi huyo ni mpangaji, ambaye inambidi adai pesa yake kwa mwenye nyumba. Ugomvi ulihama kutoka ofisi ya serikali hadi sebuleni. Kwa Nyantende njia hiyo haina hata pa kuanzia, kwa kuwa kodi inayopanda juu ya nyaya za umeme inahitaji nyaya zifike kila nyumba.

Basi mtu wa Nyantende aliyepokea karatasi asiyoiamini afanye nini? Sheria ya taratibu za kodi, namba 004/2003 ya 13 Machi 2003, inampa njia ya malalamiko ya maandishi: barua yenye sababu, inayotaja kiasi kinachopingwa, ndani ya miezi 6. Akikataliwa, anaweza kwenda Mahakama ya Rufaa. Hapo ndipo karatasi na maisha zinapoachana. Hakuna wakili wa Bukavu atakayefungua kesi ya dola 24 kwa dola 24. Malalamiko ya mtu mmoja juu ya daraja yamejengwa juu ya mchanga hata kabla ya gharama, kwa kuwa, kama tulivyoona, afisa anayepokea barua hiyo hana mamlaka juu ya arete.

Ndiyo sababu naona aina mbili za barua, na kosa kubwa ni kuzichanganya katika moja. Barua ya mwenye nyumba iseme mambo ya nyumba yake tu: vipimo alivyopima, picha ya zizi na shamba, cheti cha kifo cha mume, tarehe ya kuzaliwa. Iende na nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Sehemu ya deni asiyoipinga ailipe benki, kwa noti yenye jina lake, wala si mkononi mwa aliyekuja. Barua ya daraja iwe ya eneo zima. Iandikwe na wakazi pamoja, ipite kwa mkuu wa eneo, ielekezwe kwa gavana na kwa wabunge wa mkoa waliochaguliwa huku. Iombe kwanza kitu kimoja chepesi: nakala ya arete inayoiweka Nyantende katika daraja hilo, na mpaka wake. Mpaka ndio kiini. Je, Nyantende imeandikwa kwa jina lake, au imefagiliwa pamoja na Bukavu kwa sababu nyumba mpya zinaonekana kutoka Panzi? Kama imeandikwa kwa jina, iliandikwa lini, na kwa kuangalia nini: maji ya REGIDESO, nyaya za SNEL, barabara, soko? Daraja la eneo lingekuwa na maana kama lingefuata huduma zilizopo. Wakazi wana haki ya kuuliza ni huduma gani ziliwapandisha.

Tangu katikati ya Februari 2025, wapiganaji wa AFC/M23 walipoingia Bukavu, swali la kodi inaenda kwa nani limekuwa zito kuliko la kodi ni kiasi gani, na si kila mtu ana uhuru wa kuliuliza kwa sauti. Barua kwa gavana, katika hali hiyo, ina anwani yenye utata. Vipimo vya nyumba havina utata huo. Wala umri wa mzee, wala ujane, wala ukubwa wa shamba la mihogo. Hayo yanaweza kuandikwa sasa, kwa tarehe na mashahidi, na kuwekwa pamoja na karatasi ya kalinzi na risiti za miaka iliyopita, kila mwaka peke yake, zikionyesha daraja lililotumika na jina la ofisi iliyopokea. Siku itakapokuwapo ofisi ya kuhojiwa, mwenye karatasi za miaka 5 zinazoonyesha la nne, la tatu, la nne, la pili, la tatu kwa nyumba ambayo haikuongezwa tofali hatahitaji kueleza mengi.